Fungu la Aliyetangulia

Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, almasi bado zinachimbwa zaidi ya miaka 80 baada ya mwamba wake kupatikana. Aliyeupata, mwaka 1940, ni mwanajiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson. Alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyotafuta almasi Mabuki, njia ya kwenda Mwanza. Kampuni ilipokata tamaa, yeye akabaki akiendelea kutafuta kwa fedha za kuungaunga, huku malaria ikimwangusha mara kwa mara. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Alipofariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, magazeti ya nje yalikuwa yameshazoea kumtaja miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia. Ndugu zake waliorithi mgodi wakauuza kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Januari 1967, Jumanne Ngoma aliokota mawe ya rangi ya bluu huko Mirerani, akayapeleka kwa wataalamu wa serikali wayapime. Jiwe hilo lilikuwa halijawahi kuuzwa katika soko lolote la vito. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la tanzanaiti na kulitangaza kwa wanunuzi wa dunia. Baadaye Ngoma alipata cheti cha serikali na shilingi 50,000. Tarehe 6 Aprili 2018, Rais John Magufuli alipozindua ukuta wa Mirerani, alimpa shilingi milioni 100. Mzee alikuwa ameshadhoofika kwa maradhi, na Januari 2019 akafariki.

Wote wawili walifanya jambo la aina moja: waliona ardhini kitu ambacho wengine walikikanyaga wakapita. Mmoja alizikwa na utajiri ambao ukoo wake usingeumaliza, mwingine alisubiri miaka 51 kupata fedha za kumtosha matibabu. Wasukuma na Wazinza wa ukanda huu wa Shinyanga, Geita na Mwanza, pamoja na wageni waliohamia kwa ajili ya dhahabu, wamekuwa wakiishi ndani ya swali ambalo sehemu nyingine za dunia hulijadili kwa kuwataja wenye kampuni za kompyuta: aliyetangulia kujua, apewe fungu gani? Je, ni haki awe tajiri wa kupindukia?

Kuna atakayesema Williamson na Ngoma hawakubuni chochote, waliokota tu kilichowekwa na Mungu. Ni kweli, na sheria za hataza duniani kote haziruhusu mtu kujimilikisha kitu cha asili kwa sababu tu alikiona wa kwanza. Lakini kiini kinafanana. Kabla yao maarifa hayo hayakuwapo. Baada yao kila mtu aliweza kuyatumia bila kurudia taabu yao. Anayebuni mtambo na anayegundua mwamba wote hutoa kitu ambacho kikishajulikana hakiwezi kufichwa tena. Na ndiyo maana malipo yao ni magumu kupanga: ukichelewa kuwalipa hutawalipa kamwe, ukiwapa kila kitu umewafungia njia wanaokuja nyuma.

Basi tuangalie ubunifu halisi, ule unaotumika kila siku kutoka Kahama hadi Nyarugusu, ambao wengi wanaoutumia hawajawahi kusikia jina la aliyeuleta. Mwaka 1887, mjini Glasgow, mkemia John Stewart MacArthur na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, walisajili hataza ya kupata dhahabu kwa sayanaidi. Mawe yaliyosagwa yanalowekwa katika maji yenye sayanaidi kidogo, dhahabu inayeyuka ikatoka kwenye mchanga, kisha zinki inainasa. Wakati huo migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini, ilikuwa imefika kwenye miamba ya chini yenye salfa, ambako zebaki ilishindwa kunasa dhahabu ipasavyo. Johannesburg ilikuwa inanukia kufa. Sayanaidi ilipoletwa mwaka 1890, mavuno yakapanda hadi zaidi ya asilimia 90, na lundo la mchanga lililokuwa limetupwa likawa mali upya.

Mabwana wa migodi walilipa mrabaha kwa muda, kwa manung'uniko. Kisha Chemba ya Migodi, chama chao, ikaenda mahakamani, na mwaka 1896 mahakama ya Pretoria ikaifuta hataza. Hoja yao haikuwa ya uongo: kwamba sayanaidi huyeyusha dhahabu lilikuwa jambo lililoandikwa na wanakemia tangu miaka ya 1840. MacArthur alichoongeza ni kujua kiasi gani, kwa muda gani, na namna ya kuirudisha dhahabu kutoka kwenye maji, yaani kila kitu kinachotenganisha sentensi ya kitabuni na tofali la dhahabu. Alifariki mwaka 1920. Jina lake halimo katika orodha ya matajiri wa dhahabu ya Afrika Kusini. Waliomo ni waliokuwa na ardhi, mitaji na leseni, na ambao baada ya hukumu ile hawakudaiwa hata senti ya matumizi.

New Zealand, ambako njia hiyo ilitumika kibiashara mwaka 1889 kabla hata ya Transvaal, ilifanya tofauti kabisa. Mwaka 1897 serikali ilinunua haki za hataza nchini humo kwa pauni 10,000, ikawaruhusu wachimbaji wote kuitumia kwa ada ndogo hadi gharama irudi. Wabunifu walilipwa, wachimbaji wadogo hawakufungiwa nje, na hakuna aliyepoteza miaka kwa mawakili. Ninashangaa kwamba mfano huu hautajwi katika mijadala yetu ya madini, wakati sayanaidi ndiyo iliyokuja kuwa mshipa wa uchumi wa Geita.

Tazama inavyofanya kazi leo. Mchimbaji wa Lwamgasa, Mgusu au Mwime anabeba viroba vyake vya mawe hadi kwenye karasha. Yanasagwa, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inanaswa kwa zebaki na kuchomwa. Kwa njia hiyo hupata sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 30 hadi 40 tu ya dhahabu iliyokuwamo katika mawe yake. Iliyobaki imo ndani ya mchanga, yaani marudio, na marudio mara nyingi huachwa kwa mwenye karasha au mwalo kama sehemu ya malipo, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye matenki ya sayanaidi huyanunua, huyaloweka kwa siku kadhaa, hunasa dhahabu kwa kaboni, kisha kaboni hiyo hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni kuvuliwa dhahabu yake. Sehemu kubwa ya kilichochimbwa kwa jasho la mtu mmoja hufikia mkono wa mwingine ambaye hakushuka shimoni.

Huyo mwenye matenki si mwizi. Ameweka mtaji, ana vibali, anabeba hatari ya kununua mchanga usio na kitu. Lakini si mbunifu pia. Njia ya kuvua dhahabu kwenye kaboni, inayotumika katika mitambo mingi ya elusheni, iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na J. B. Zadra, mtumishi wa Ofisi ya Migodi ya serikali ya Marekani. Alilipwa mshahara, matokeo yake yakachapishwa kama mali ya umma, na dunia nzima ikayachukua. Kwa hiyo katika mnyororo mzima wa dhahabu ya mchimbaji mdogo wa Geita, aliyegundua sayanaidi inafanyaje kazi hapati kitu, aliyebuni elusheni alipata mshahara wake tu, mchimbaji anapata asilimia 30 au 40, na utajiri unakaa kwa anayemiliki mtambo ambao wengine hawawezi kuununua.

Ndiyo sababu naona mjadala wa dunia umekosea mahali pa kuanzia. Watu hugombana kama wabunifu wanastahili mabilioni, wakidhani mabilioni yanatokana na kubuni. Mara nyingi hayatokani na kubuni. Williamson hakutajirika kwa kujua almasi ilipo. Alitajirika kwa sababu serikali ya kikoloni ilimpa haki ya peke yake juu ya eneo lote la mwamba, mmoja wa miamba mikubwa ya almasi duniani, wa hekta 146, na polisi wa kulilinda. Ngoma alijua jiwe liko wapi, lakini eneo lilipoanza kugawanywa hakuwa na mtaji, wala nguvu ya kisheria ya kulishika. Maarifa yao yalilingana, karatasi ndizo zilizotofautiana. Na Williamson mwenyewe alianza pale wengine walipoishia: almasi za Mabuki zilijulikana tangu miaka ya 1920, na kampuni iliyomleta ilikuwa imeshalipa miaka ya utafutaji iliyomfundisha wapi pasitafutwe tena.

Wanaotetea utajiri mkubwa wa wabunifu wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni hatari. Kwa kila Williamson mmoja wako watafutaji wengi waliokufa maskini porini, na bila tumaini la zawadi kubwa hakuna mtu mwenye akili angeingia. Alfred Nobel, ambaye baruti yake ya dainamaiti ya mwaka 1867 ndiyo iliyofungua zama za kupasua miamba kwa usalama zaidi, alimpoteza mdogo wake Emil katika mlipuko wa kiwanda mwaka 1864. Aliendelea, akapata hataza 355, akajenga viwanda katika nchi nyingi, na wosia wake wa 1895 ukaweka sehemu kubwa ya mali hiyo kwenye tuzo zenye jina lake. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: dunia ilipoteza nini kwa yeye kutajirika?

Hoja ya pili ni ya hesabu. Mwanauchumi William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale alikadiria mwaka 2004 kwamba, katika uchumi wa Marekani kati ya 1948 na 2001, wabunifu walibaki na kama asilimia 2.2 tu ya manufaa yote yaliyotokana na ubunifu wao. Zaidi ya asilimia 97 ilikwenda kwa watumiaji, kwa njia ya bei kushuka na vitu kuwa bora. Ukisoma takwimu hiyo unaweza kusema bilionea wa teknolojia ametupa mengi kuliko aliyochukua, na tumwache.

Ninaikubali hesabu hiyo kwa sharti moja, ambalo kwangu ndilo zito. Asilimia 2.2 inapatikana mahali ambapo washindani wanaweza kuingia, hataza inaisha, na mnunuzi ana pengine pa kwenda. Ushindani ndio unaosukuma manufaa yatoke mikononi mwa mmiliki yawafikie watu. Mchimbaji mwenye viroba 20 vya mawe, deni la chakula cha wiki tatu na karasha moja karibu naye hana pengine pa kwenda. Hapo manufaa ya teknolojia hayashuki kwa watumiaji, yanasimama kwa mwenye mtambo. Hoja ya Nordhaus inatutaka tuulize kama milango ya kuingia iko wazi, kabla ya kuuliza tajiri ana kiasi gani.

Na hoja ya hatari inajibiwa vizuri zaidi na wachimbaji wenyewe kuliko na wachumi. Katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, mgao hujulikana kabla ya watu kushuka. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara anayegharimia chakula, matimba, baruti na pampu ana lake, na wanaochimba wana lao. Utaratibu unaosikika mara nyingi ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara na 30 kwa wachimbaji, ingawa hubadilika kutoka eneo hadi eneo kufuatana na nani anabeba gharama. Mgao huo una maonevu mengi. Wachimbaji hugawana fungu lao wakiwa wengi, gharama huongezwa vitabuni na mwenye duara, na mwanamke anayeponda na kuosha mawe pembeni mara nyingi hayumo kabisa katika hesabu. Hata hivyo, ndani yake kuna kanuni tatu ambazo sheria za ubunifu za nchi nyingi zinahangaika kuzifikia: anayebeba hatari hulipwa zaidi, fungu hujulikana mapema, na hakuna anayechukua duara zima kwa sababu tu yeye ndiye aliyesema tuchimbe hapa.

Ukilipima suala letu kwa mizani hiyo, Ngoma alinyimwa kanuni ya pili. Hakuwa na fungu alilolijua. Alikuwa na huruma ya serikali, ambayo ilikuja mara mbili ikiwa imechelewa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini tuzo inayosubiri hisani ya mkubwa siku ya sherehe haimfundishi kijana yeyote kwamba inafaa kuyapeleka maarifa yake serikalini. Inamfundisha kuficha. Vivyo hivyo, wachimbaji wa dhahabu waliokuwa Bulyanhulu tangu katikati ya miaka ya 1970 walilifahamu eneo lile kwa miguu na mikono yao. Agosti 1996 waliondolewa ili kupisha kampuni yenye leseni, kisha Barrick, kampuni nyingine, ikanunua mradi mwaka 1999, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Kampuni zilileta uchorongaji na vipimo ambavyo wachimbaji hawakuwa navyo, na huo ni mchango wa kweli. Lakini katika hesabu ya nani aligundua nini, wale wa kwanza hawakuandikiwa fungu lolote la kudumu.

Upo upande mwingine wa ukanda huu ambao hauhusu mawe. Kabla dhahabu haijarudi kutawala, Shinyanga ilikuwa nchi ya pamba na ng'ombe, na utajiri wake wa pamba ulijengwa juu ya ubunifu ambao haukumfanya mtu yeyote bilionea. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha mbegu mfululizo zilizopewa herufi UK, kama UK77, UK82 na UK91. Watafiti walitafuta pamba yenye majani ya manyoya ambayo wadudu jasidi hawaishambulii kwa urahisi, wakaongeza ukinzani dhidi ya mnyauko na ugonjwa wa bakteria. Mkulima wa Kishapu au Maswa alipewa mbegu bila kujua jina la aliyekesha shambani akichavusha maua kwa mkono. Pamba hiyo ilijenga vyama vya ushirika, shule na nyumba za bati.

Halafu kuna ngitili. Wasukuma tangu zamani walitenga sehemu za malisho zisiguswe wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuleta kitu kigeni. Uliirudishia desturi hiyo nguvu ya kisheria na ya kijamii katika vijiji zaidi ya 800. Mkoa ambao mkoloni alifyeka misitu yake kupambana na mbung'o na kupanua pamba, na ambao ulishaanza kuitwa jangwa, ukapata tena maelfu kwa maelfu ya hekta za miti. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa katika Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huwezi kuitafutia ngitili mmiliki. Aliyeibuni ni jamii nzima kwa vizazi kadhaa, na aliyenufaika ni jamii hiyohiyo.

Mifano hii miwili inavunja dai kwamba watu hawabuni bila tamaa ya utajiri mkubwa. Lakini nisingependa itumike kuhalalisha ufukara. Mtafiti wa serikali anayeshindwa kusomesha watoto wake ataondoka, na vituo vyetu vimewapoteza wengi hivyo. Ukiriguru ilifaulu kwa sababu kwa miongo kadhaa ilikuwa na bajeti, mashamba ya majaribio na watu waliokaa muda mrefu wa kutosha kuona mbegu ikikomaa. Ubunifu wa umma unahitaji fedha ya umma, na kuusifu bila kuulipia ni kuwadanganya waliousimamia.

Sasa njoo kwa fundi. Katika karakana za Kahama, Katoro, Geita mjini na Mwanza, mafundi wamechomelea karasha kwa mabomba mazito na vyuma chakavu, wakafunga injini za dizeli na baadaye mota za umeme, wakabadilisha ukubwa wa ngoma, aina ya gololi na namna ya kuingiza maji. Kazi hiyo iliwatoa watu kwenye kutwanga mawe kwa mkono na vumbi lake linaloharibu mapafu. Ni ubunifu halisi, uliobadilisha maisha ya maelfu. Na karibu wote haukusajiliwa. Fundi akiunda karasha linalosaga vizuri, wiki hiyohiyo linafanya kazi mbele ya watu, na mafundi wenzake wanapima kwa macho na kuondoka.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987, usajili unafanywa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na nchi ni mwanachama wa ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare. Sheria hiyo inatambua hata maboresho madogo kwa hati ya ubunifu wenye manufaa, ambayo masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza kamili. Lakini maombi yanataka maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa kitaalamu, michoro, ada, na jambo ambalo fundi hawezi kulitimiza kwa urahisi: kitu kiwe hakijaonyeshwa hadharani. Mtu anayeishi kwa kuuza mtambo wake hawezi kuuficha hadi karatasi zikamilike. Na hata akisajili, nani atawafuata wanaomwiga kutoka Chunya hadi Biharamulo? Hataza ni haki ya kushtaki tu. Asiye na fedha ya wakili ana cheti ukutani.

Si wote wanaoshindwa. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linalotumia teknolojia ya chembe ndogo sana, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, iliyokuwa na pauni 25,000. Alikuwa na shahada ya uzamivu, taasisi nyuma yake na uwezo wa kulinda jina la bidhaa yake. Serikali nayo imekuwa ikiendesha mashindano ya ubunifu ya MAKISATU tangu 2019, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, imewaibua vijana ambao zamani wasingesikika. Wasiwasi wangu ni kwamba mashindano hutoa zawadi kwa mtu, si malipo kwa matumizi. Fundi anapigiwa makofi Dodoma, anarudi na hundi, kisha mtambo wake unabaki palepale karakanani kwake.

Afrika Kusini inatuonyesha kitatokea nini ubunifu wa mdogo ukikutana na mkubwa bila mgao ulioandikwa. Nkosana Makate alikuwa mwanafunzi wa uhasibu ndani ya Vodacom mwaka 2000 alipopendekeza huduma ya kumtumia mtu ujumbe bila salio, umwombe akupigie. Aliahidiwa kwa mdomo kulipwa. Huduma ilipozaa matunda, mkuu wa kampuni alijitaja kitabuni kuwa ndiye mwenye wazo. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba ahadi ile inaifunga kampuni, lakini mabishano ya kiasi gani yakaendelea kwa miaka mingine mingi. Upande mmoja ulitaja mamilioni, upande mwingine mabilioni. Kama mwaka 2000 kungekuwa na karatasi moja yenye asilimia na muda wa kuisha, mahakama zisingekuwa na kazi.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Mvumbuzi alipwe vizuri, hata awe tajiri kuliko jirani zake wote, na asionewe wivu. Alipwe mapema, kwa fungu linalojulikana, na fungu hilo liwe na mwisho. Utajiri wa kupindukia unaotokana na kuwazuia wengine wasitumie maarifa, au wasiifikie ardhi, mtambo au soko, huo si ujira wa ubunifu na hatulazimiki kuulinda. Ndiyo maana sina tatizo na Williamson kupata sehemu nono ya Mwadui, na nina tatizo kubwa na udhibiti wa Mwadui kuwa wake, kisha wa warithi ambao hawakuwa na mkono katika kuutafuta mwamba. Hataza ya kawaida huisha baada ya miaka 20. Haki yake juu ya mwamba ilirithiwa, kisha ikauzwa.

Sheria zetu za madini zimeshaanza kufikiri hivyo upande wa migodi mikubwa. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia na kuweka mrabaha wa dhahabu wa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Machi 2019 soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kuona bei ya dunia kabla ya kuuza. Huko ni kufungua mlango wa soko. Mlango wa teknolojia bado umebaki nusu. STAMICO, shirika la madini la taifa, imejenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente, mkoani Geita, ili mchimbaji apate dhahabu yake kwa sayanaidi bila kuacha sehemu kubwa kwenye marudio. Ni wazo sahihi kabisa, lakini vituo hivyo ni vichache mno mbele ya idadi ya mialo iliyotapakaa kutoka Kahama hadi Chato.

Hapo ndipo mfano wa New Zealand unaweza kufanyiwa kazi bila kusubiri sheria mpya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 na imejifunga kupunguza zebaki. Inahitaji mitambo midogo ambayo kikundi cha wachimbaji 10 kinaweza kuimudu, na mafundi wa kuitengeneza wapo. STAMICO na SIDO, shirika la viwanda vidogo, zingetangaza sifa za mtambo unaotakiwa: usage tani kadhaa kwa siku, unase dhahabu kwa kiwango kilichopimwa na maabara, usitumie zebaki, ukarabatike kwa vipuri vya Mwanza. Fundi atakayefaulu alipwe kwa haki ya michoro yake kiasi cha kubadilisha maisha yake, halafu apate asilimia ndogo kwa kila mtambo utakaouzwa kwa miaka 7, muda uleule wa leseni ya mchimbaji mdogo. Michoro iwe wazi kwa kila karakana yenye kibali. Fedha ya kuanzia itoke kwenye ile ada ya ukaguzi, ambayo sehemu yake hulipwa na dhahabu ya wachimbaji haohao.

Ugumu wa pendekezo hili ni nani atapima. Ofisa anayeamua mtambo upi umefaulu atakuwa na fedha nyingi mkononi, na kila fundi wa Katoro anajua maana yake. Kwa hiyo majaribio yafanyike hadharani, mwaloni, kwa mawe yaliyochanganywa kutoka maduara mbalimbali na kugawanywa sawa mbele ya washindani, sampuli zipimwe katika maabara mbili tofauti, na matokeo yabandikwe ukutani pale soko la madini Geita, karibu na ubao wa bei ya siku.